MWANGA WA VISIWANI NA MAJI YA KILOMBERO

Maelezo kwa wananchi wa Unguja na Pemba kuhusu asili ya umeme wanaoutumia, na wajibu wa kuulinda

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Mwananchi wa Mkunazini, wa Makunduchi au wa Wete anapobonyeza swichi wakati wa magharibi na taa ikawaka, aghalabu hafikirii mwanga huo umetoka wapi na umepita njia gani hata kumfikia. Huufikiria pale tu unapokatika.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya umeme unaotumika visiwani haufuliwi visiwani. Hufuliwa Tanzania Bara na kuvushwa kwa waya zilizolazwa chini ya bahari. Na moja katika chimbuko kubwa la umeme huo ni maji yanayoteremka kutoka milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Njombe, yakakusanyika katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, ambako mji wa Ifakara ndio kitovu. Bonde hilo liko yapata kilomita 400 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Wengi wa wakaazi wa visiwani hawajalitia machoni, lakini hali ya misitu, mito na wakulima wa huko inahusiana moja kwa moja na hali ya pampu ya maji ya Unguja, jokofu la dawa la hospitali na taa ya mwanafunzi anayedurusu usiku.

Maelezo haya yametayarishwa ili wananchi waelewe uhusiano huo. Masheha, walimu wa skuli na viongozi wa jumuiya wanaombwa kuyasoma na kuwafahamisha wengine.

UMEME VISIWANI: KUTOKA JENERETA HADI WAYA WA BAHARINI

Zanzibar si mgeni wa umeme. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultan Barghash, ni miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa kuwashwa taa za umeme katika Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi baadaye mji wa Unguja ulitegemea jenereta, na jenereta hutegemea mafuta yanayonunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipopanda duniani katika miaka ya 1970, mzigo huo ukawa mzito.

Mwaka 1980 hatua kubwa ilichukuliwa. Ulilazwa waya wa chini ya bahari wenye uwezo wa megawati 45 kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, Unguja. Kuanzia hapo Unguja ikaunganishwa na Gridi ya Taifa. Pemba iliendelea na jenereta hadi mwaka 2010, ilipopata waya wake kutoka upande wa Tanga kwa msaada wa Norway.

Faida ilikuwa dhahiri: umeme wa maji ulikuwa nafuu kuliko umeme wa dizeli. Lakini penye faida moja hapakosi hadhari yake. Kisiwa kinachotegemea waya mmoja, hutegemea pia kila kilichoko upande wa pili wa waya huo.

FUNZO LA MIAKA YA 2008 NA 2009

Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, na giza likaendelea kwa takriban mwezi mmoja. Kabla jambo hilo halijasahauliwa, Disemba 2009 waya uliharibika tena, na safari hii umeme haukurejea mpaka Machi 2010, yapata miezi mitatu.

Walioishi Unguja katika siku hizo hawahitaji kukumbushwa. Pampu za maji zilisimama, na kina mama na watoto wakarudi visimani na ndoo na madumu. Samaki aliharibika kwa kukosa barafu. Wenye uwezo walinunua jenereta, na ngurumo na moshi vikajaa vichochoro vya Mji Mkongwe. Wasio na uwezo walirudi kwenye kandili na mishumaa. Mafundi cherehani, wachomaji vyuma na wenye mashine za kusaga walikaa bila kazi.

Baada ya hapo jenereta za akiba zenye jumla ya takriban megawati 32 ziliwekwa Mtoni, na waya mpya wa megawati 100 ukalazwa kati ya Ras Kiromoni na Ras Fumba kwa msaada wa Serikali ya Marekani, ukaanza kazi mwaka 2013. Hivyo njia ya kuvushia umeme iliimarishwa. Hata hivyo, waya haufui umeme. Waya huvusha tu kile kilichofuliwa. Ndipo linapokuja suala la chanzo.

BONDE LA KILOMBERO NA MITO YAKE

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa kwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge kwa upande wa kusini-mashariki. Upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi, bahari ileile inayoizunguka Unguja, hupanda kwenye kuta za milima hiyo na kuangusha mvua nyingi. Mvua hiyo huteremka kwa mito mingi, ikiwemo Ruhudji, Mnyera, Mpanga, Kihansi, Ruipa na Lumemo, na yote humwaga maji katika mto Kilombero.

Kuanzia Disemba hadi Mei mto huu hufurika na kuenea tambarare nzima. Mafuriko hayo si balaa tupu. Huleta rutuba mashambani, na samaki kama kambale na perege huingia mabwawani kuzaliana. Wandamba, Wambunga, Wapogoro na makabila mengine waliohamia wamejenga maisha yao juu ya mwendo huo wa maji. Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani na kuishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Mchele wa Kilombero unajulikana katika masoko mengi ya Tanzania.

Zaidi ya hayo, tambarare hiyo hufanya kazi ya mtungi. Hupokea maji mengi kwa pamoja wakati wa masika, kisha huyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi, na ndiyo sababu mto Kilombero haukauki. Mwaka 2002 Tanzania iliiweka ardhioevu ya bonde hilo, yenye kilomita za mraba 7,967, katika orodha ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ukubwa huo ni karibu mara tatu ya Unguja na Pemba zikiunganishwa. Humo ndimo alimohifadhika kwa wingi kuliko kwingineko duniani mnyama aitwaye sheshe, wa jamii ya kuro, ingawa idadi yake imepungua sana.

NAMNA MAJI YANAVYOFUA UMEME

Kwa manufaa ya wasiofahamu, umeme wa maji hupatikana kwa jambo jepesi kulieleza: maji huangushwa kutoka juu, yakazungusha gurudumu la chuma, na gurudumu likazungusha mtambo wa kufua umeme. Kiasi cha umeme hutegemea mambo mawili, nayo ni wingi wa maji na urefu wa maporomoko. Maji machache yanayoanguka kutoka juu sana yaweza kutoa umeme sawa na maji mengi yanayoanguka kutoka kimo kifupi.

Umeme ukishaingia katika Gridi ya Taifa hauna kabila. Uliofuliwa kwa maji, kwa gesi au kwa mafuta huchanganyika wote pamoja, na hakuna awezaye kusema taa yake imewashwa na mto fulani. Lakini chanzo kimoja kinapopungua, pengo hilo huhisiwa na wote waliounganishwa, wa Bara na wa visiwani.

KIDATU NA MTERA: MAJI YANAPOPUNGUA

Kaskazini ya bonde la Kilombero, mahali mto Ruaha Mkuu unapotoka milimani, kipo kituo cha Kidatu. Kilianza kazi mwaka 1975, kikapanuliwa mwaka 1980 na kufikia uwezo wa megawati 204. Bwawa lake ni dogo. Ghala la maji yake ni bwawa la Mtera lililoko juu zaidi, ambalo nalo lina kituo chake cha megawati 80 kilichoanza mwaka 1988. Kwa miaka mingi Kidatu kilikuwa mhimili wa umeme wa nchi. Kwa hiyo waya wa Fumba ulipoanza kazi mwaka 1980, Unguja iliunganishwa, kwa kweli, na mto Ruaha.

Mto huo ukaanza kudhoofika. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kwa wiki kadhaa kila kiangazi katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Juu yake, katika bonde la Usangu, mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yalikuwa yamepanuka na mifugo imeongezeka katika ardhioevu. Wakulima wa Usangu hawakukusudia kumzimia mtu taa. Walikuwa wakitafuta riziki. Lakini maji yaliyobaki shambani hayakufika Mtera.

Ukame ulipoongezeka juu ya hayo, mgao wa umeme ukafuata. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1992, tena mwaka 1994 na 1995, na kwa ukali zaidi mwaka 2006, kina cha Mtera kiliposhuka mno. Oktoba 2015 vituo vikuu vya maji nchini vililazimika kusimamishwa kwa kukosa maji.

Funzo la Ruaha ni kwamba mitambo yaweza kuwa mizima, na waya ukawa mzima, na umeme usiwepo. Lililotokea Usangu laweza kutokea Kilombero ikiwa ardhioevu yake itaachwa imalizike.

KIHANSI: UMEME NA CHURA

Mfano wa pili watoka ndani ya bonde lenyewe, nao una funzo la namna nyingine. Mto Kihansi, unaoteremka kutoka Udzungwa kwenda Kilombero, huanguka kiasi cha mita 850 katika masafa mafupi. Kwa sababu ya kimo hicho, mto usio mkubwa uliweza kujengewa kituo cha megawati 180, kikiwa na mitambo mitatu ndani ya pango lililochongwa katika mwamba. Bwawa lake ni dogo, na watu waliohamishwa walikuwa wachache. Kwa vipimo vya wahandisi ulikuwa ni mradi mwema, nao ukakamilika mwaka 2000.

Mwishoni mwa mwaka 1996, kazi za ujenzi zikiwa zimekwisha kuanza, wataalamu wa viumbe walikuta chini ya maporomoko hayo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefikia urefu wa sentimita tatu, asiyetaga mayai bali huzaa. Hakujulikana kuishi mahali pengine popote duniani. Makaazi yake yalikuwa ni majani yaliyoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko, eneo lisilozidi ukubwa wa mashamba machache ya mpunga.

Maji yalipogeuzwa na kupitishwa katika handaki kwenda kwenye mitambo, maporomoko yalipoteza zaidi ya asilimia 90 ya maji yake. Manyunyu yakakoma na majani yakakauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 karibu vyura 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani kuzalishwa katika bustani za wanyama, na mabomba ya kunyunyizia maji yakatandazwa korongoni. Kwa muda ilionekana kwamba vyura waliobaki wamenusurika, lakini mwaka 2003 wakapukutika ghafla, na maradhi ya ukungu yanayoshambulia ngozi za vyura yakagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kimataifa kwamba chura wa Kihansi ametoweka katika makaazi yake ya asili. Waliozalishwa ughaibuni walianza kurejeshwa nchini mwaka 2010, wakatunzwa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakaachiwa tena Kihansi chini ya uangalizi wa watafiti.

Wapo walioona fedha na juhudi nyingi zimetumika kwa ajili ya kiumbe kidogo mno, hali vijiji jirani na mitambo vikiwa bado gizani. Swali hilo ni la haki, na lastahiki jibu. Jibu lenyewe ni kwamba gharama ya kurekebisha kosa baada ya mradi kukamilika huwa kubwa kuliko gharama ya kuchunguza kabla. Laiti uchunguzi wa korongo ungekamilika kabla ya mwamba kutobolewa, kiasi cha maji ya kuachwa mtoni kingeweza kupangwa tangu mwanzo. Kihansi kimewafundisha wapangaji wa nchi kwamba mto una wadai wengine mbali na mtambo, na kwamba deni lao lisipotajwa kwenye hesabu, hulipwa baadaye na riba.

BWAWA LA JULIUS NYERERE: SITA KATIKA KUMI

Maji ya Kilombero hayaishii Ifakara. Chini ya bonde, mto Kilombero huungana na mto Luwegu na kuzaa mto Rufiji, ambao baadaye hupokea pia maji ya Ruaha Mkuu. Takriban asilimia 62 ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Kwa lugha nyepesi, katika kila ndoo kumi za Rufiji, ndoo sita zimepita Kilombero.

Hesabu hiyo ni muhimu kwa sababu katika korongo la Stiegler, mtoni Rufiji, ndipo lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere. Fikra ya bwawa hilo ilichunguzwa tangu miongo ya mwanzo ya uhuru, lakini ujenzi ulianza mwaka 2019. Maji yalianza kujazwa Disemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kufua umeme Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, kila mmoja wa megawati 235, ilikuwa imekamilika. Jumla yake ni megawati 2,115, yaani zaidi ya mara ishirini ya uwezo wa waya wa Fumba wa mwaka 2013. Ziwa lake likijaa hukaribia ukubwa wa kisiwa cha Pemba.

Manufaa yake ni makubwa. Nchi iliyozoea migao imepata umeme unaotosheleza mahitaji yake ya sasa, nao haukununuliwa kwa mafuta ya nje. Lakini wananchi wana haki ya kujua pia mambo yanayohitaji uangalizi.

Kwanza, sehemu kubwa ya umeme wa nchi sasa imewekwa katika mto mmoja. Kabla ya bwawa hili gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara ilikuwa imeupita umeme wa maji katika gridi, na ndiyo iliyoiokoa nchi miaka ya ukame. Kuiacha gesi kwa sababu maji yapo tele leo ingekuwa sawa na nahodha kutupa makasia kwa kuwa upepo wavuma.

Pili, tope ambalo mto ulikuwa ukilishusha kila mwaka sasa hutuama bwawani. Tope hilo ndilo lililojenga delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko. Wazee wa visiwani wanaijua vyema delta hiyo, kwani boriti za Rufiji zilizovushwa kwa majahazi ndizo zilizoezekea nyumba nyingi za Unguja, na nyingine zikapelekwa hadi Uarabuni. Kamba wa delta na wavuvi wa Mafia nao hutegemea maji na rutuba itokayo mtoni.

Tatu, mafuriko. Masika ya mwaka 2024 wilaya za Rufiji na Kibiti zilifurika vibaya, na maswali yakazuka kuhusu maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ilieleza kwamba chanzo ni mvua zilizopita kiasi, na kwamba pasingekuwa na bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi. Vyovyote iwavyo, imedhihirika kwamba anayeishi chini ya bwawa anastahiki kupewa taarifa mapema na kwa lugha anayoielewa.

WANAOISHI KWENYE CHANZO

Usalama wa maji hayo yote umo mikononi mwa watu wa Kilombero, na maisha yao yanabadilika upesi. Idadi ya watu imeongezeka. Mashamba ya mpunga, miwa na misaji yameenea. Wafugaji kutoka mikoa mingine wameingia na makundi makubwa ya ng'ombe. Mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha zoezi la kuondoa mifugo katika ardhioevu, zoezi ambalo halikupita bila manung'uniko.

Lipo pia suala la nishati ya watu hao wenyewe. Familia nyingi za bonde, kama familia nyingi za Tanzania, hupika kwa kuni na mkaa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wanavijiji wa upande wa Mang'ula waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Msitu ukapata nafuu, lakini mama aliyekuwa akiokota kuni hakupewa jiko lingine siku hiyo. Ilimbidi atafute kuni mashambani, anunue, au aingie katika misitu midogo ya jirani, nayo ikaelemewa.

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo haya. Mama huyo huishi chini ya milima inayozaa umeme wa taifa, na nguzo za umeme mkubwa kati ya Kihansi na Kidatu zimepita katika wilaya yake. Umeme wa vijijini umeenezwa kwa kasi tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, lakini kuwa na taa si sawa na kuwa na moto wa kupikia. Maadamu chungu chake kinategemea kuni, msitu unaolinda maji ya mitambo utaendelea kupungua. Hakuna mlinzi wa msitu atakayeshinda njaa ya nyumba elfu kumi. Mtu akitaka maji yalindwe, hana budi kumfikiria anayekaa kando ya maji.

Ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, usionekane kuwa ni jambo la jikoni tu. Ni sehemu ya ulinzi wa umeme wenyewe. Taasisi zinazolisha watu wengi kwa siku, zikiwemo skuli, hospitali na magereza, zilikwishaagizwa kuacha kuni na mkaa kwa tarehe zilizowekwa: zinazolisha zaidi ya watu 100 ifikapo mwisho wa Januari 2024, na zaidi ya 300 ifikapo mwisho wa Januari 2025.

Visiwani nako hali haitofautiani sana. Makaa yanayouzwa Unguja hutoka kwa sehemu katika misitu ya Bara na kuvushwa kwa majahazi. Hivyo mwananchi wa kisiwani huweza kuwa, kwa mkono mmoja, mnufaika wa maji ya misitu, na kwa mkono wa pili, mnunuzi wa msitu uliokatwa.

MIZANI YA CHAGUO

Kila chanzo cha nishati kina bei yake. Dizeli hupatikana upesi, lakini hununuliwa nje na bei yake haimo katika uwezo wa nchi. Gesi asilia ni ya nchi yenyewe na haitegemei mvua, lakini ina kikomo na huongeza joto la dunia. Maji ni safi na hujirudia, lakini hutegemea mvua na misitu, na hubadilisha maisha ya walio juu na chini ya bwawa. Jua halikosekani visiwani, na halihitaji kuvuka bahari, lakini huzama jioni, saa ileile matumizi yanapopanda, na hivyo huhitaji betri au chanzo kingine cha kulishika mkono.

Usalama wa nishati, kwa hiyo, haupatikani kwa kuchagua chanzo kimoja na kukisifu, bali kwa kuvichanganya kwa hesabu: maji yawe mhimili, gesi iwe akiba ya miaka ya ukame, jua la visiwani lipunguze mzigo wa waya, na jenereta zibaki kwa dharura. Mchanganyiko huo hauna maana ikiwa chanzo cha maji kitaachwa kiharibike. Mabwawa yaliyojengwa kwa matrilioni ya shilingi hayajazwi kwa saruji, hujazwa kwa mito.

YANAYOMHUSU MWANANCHI

Wananchi wa Unguja na Pemba wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kutumia umeme kwa uangalifu. Taa zisizotumika zizimwe, na balbu zinazokula umeme mdogo zitumike. Kila uniti isiyopotezwa huacha maji bwawani kwa ajili ya kiangazi.

2. Kuepuka matumizi makubwa yasiyo ya lazima kati ya magharibi na saa nne za usiku, wakati gridi inapobeba mzigo mkubwa kuliko wakati mwingine wote. Pampu za kujazia matangi zaweza kuwashwa usiku wa manane au asubuhi.

3. Kuulinda waya wa bahari. Manahodha na wavuvi wasitie nanga wala kukokota nyavu katika njia ya waya kati ya Ras Fumba na Ras Kiromoni, wala katika njia ya waya wa Pemba.

4. Kupunguza makaa na kuni kwa kadiri ya uwezo wa kila nyumba, iwe kwa gesi, kwa umeme au kwa majiko yanayotumia makaa machache.

5. Kutokata mikoko na miti ya vyanzo vya maji visiwani, na kupanda miti ya kuni katika maeneo yaliyotengwa.

6. Kuwekeza katika nishati ya jua kwa wenye uwezo, khasa mahoteli, skuli na misikiti, ili waya utakapopata hitilafu mambo ya lazima yasisimame kama yalivyosimama mwaka 2009.

Aidha, ni vyema walimu wakawaonyesha wanafunzi katika ramani njia kamili ya umeme wao: kutoka misitu ya Udzungwa, kushuka Kihansi na Ruipa, kupita tambarare ya Ifakara wanakolima mpunga, kuingia Rufiji, kufika bwawani, na kutoka hapo kwa nyaya hadi Dar es Salaam, kisha chini ya bahari hadi Fumba. Mtoto anayeijua njia hiyo atafahamu kwamba mvua ikikosekana Kilombero si habari ya mbali, na kwamba mkulima aliyeketi juu ya dungu lake akiulinda mpunga ni jirani yake, ingawa bahari imelala kati yao.